Jina la Kanga Nililolituma Jetpur

Nilianza kutunga majina ya kanga kwa sababu ya herufi moja.

Wakati huo nilikuwa muuzaji katika duka la jumla la vitambaa pale Fordsburg. Kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi kuteremsha majora, kupima, kukata, kukunja, na zaidi ya yote kuzungumza na wateja Waswahili. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg. Alijua Kigujarati, Kiingereza, Kiafrikana na Kizulu cha kuuzia, lakini Kiswahili hakukijua. Sote tulimwita Anko, hata wateja waliomzidi umri.

Asubuhi moja lilifika lori na marobota ya kanga. Nikafungua doti ya kwanza, nikasoma, nikaketi juu ya robota nikicheka. Jina lilitakiwa liwe MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Waliochapa waliongeza herufi moja tu, ikawa MGENI NJOO MWENYEJI APONDE.

Anko alikuja kuuliza kinachonichekesha. Nilipomweleza, yeye hakucheka.

"Zote ziko hivyo?"

"Zote, Anko."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Zile kanga tuliziuza kwa Wamalawi na Wamsumbiji, ambao walitazama rangi na hawakujali maneno. Lakini toka siku hiyo Anko aliniambia kwamba hakuna jina litakaloondoka dukani kwenda kiwandani kabla sijalisoma mimi. Na baada ya miezi michache akaniambia nitunge mwenyewe. Nilizaliwa Tanga, nilikulia mikononi mwa bibi aliyekuwa na sanduku zima la kanga na aliyejua kila moja aliinunua lini na kwa ajili ya nani. Sikuona kuwa kazi ile ni ngumu.

Kanga zetu zilichapwa Jetpur, mji wa viwanda na biashara katika jimbo la Gujarat, kule India. Jina hilo lilikuwa limepakwa wino mweusi juu ya kila robota, nikalizoea kama mtu anavyozoea jina la kituo cha basi ambako hajawahi kushuka. Siku moja Anko alinieleza kuwa kanga nyingi tunazojifunga sisi zinatoka huko, na wanaozichapa hawajui neno moja la Kiswahili. Nilimfikiria bibi yangu na sanduku lake.

Kiwanda tulichokitumia kilikuwa kidogo, na fundi wake mkuu ndiye aliyepokea maneno yangu. Nilimtumia kwa simu: kwanza jina lenyewe kwa herufi kubwa, kisha sauti yangu nikilitamka, ili pasiwe na kosa. Yeye alinijibu kwa sauti, kwa Kiingereza cha kuokoteza, na changu kilikuwa hicho hicho. Aliniita *ben*, yaani dada kwa lugha yao. Nami nikamwita kaka.

Mara ya kwanza kabisa nilipomtumia jina, alijibu kwa maneno mawili: "Ben, matlab?"

Sikuhitaji kuuliza. Neno lile nililitambua kama unavyomtambua ndugu wa mbali msibani. Sisi tunayo *matilaba*. Alitaka kujua makusudio ya maneno yale, maana yake nini. Nikamwambia. Akasema vizuri, akachapa.

Niliposikia swali hilo mara ya tatu, ya nne, nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Alinitumia sauti ndefu. Baba yake, ambaye naye alikuwa mchapaji, alimfundisha kwamba kitambaa hujui kitamwangukia nani. Kitamfunika bibi arusi, kitambeba mtoto mchanga, kitamlaza maiti. Usiweke juu yake neno ambalo hungependa kumwekea mwanao. Kwa kuwa yeye hawezi kusoma anachokichapa, hana budi kuuliza.

Nilimheshimu kwa hilo. Najua pia kwamba nilicheka kidogo moyoni, maana kwetu nusu ya kanga ni ugomvi.

*

Rafiki yangu mkubwa mjini hapa alikuwa mama mmoja, fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Alikuwa na kibanda chake Malvern, kwenye mtaa wa Jules, baina ya duka la matairi na kinyozi. Tulijuana alipokuja kununua kitambaa cha bitana. Alininyooshea jora jeupe akasema, "Yaya, unipe ile ya blanc." Niliudhika. Kwetu yaya ni mtu anayelea watoto wa watu. Baadaye ndipo nilipojua kuwa kwao yaya ni dada mkubwa, na kwamba alikuwa ananipa heshima.

Tukawa hivyo, mimi na yeye. Wateja walionunua kanga na vitenge kwangu niliwaelekeza kwake, na walioshonewa kwake wakirudi kwangu walikuwa wamevaa vizuri kuliko picha za matangazo. Kila Jumapili akishatoka kanisani kwake, mimi nilichukua teksi mbili hadi Malvern. Alipika bukari, ndiyo ugali wao, na sombe, ndicho kisamvu chetu. Nyama alikuwa ameinunua mwenyewe kwenye bucha la halali Fordsburg katikati ya wiki, kwa sababu yangu, na alikuwa na sufuria moja ambayo haikupata kupikiwa nyama nyingine. Aliiita sufuria ya Yaya. Binti yangu alipokuwa mdogo alilala juu ya rundo la vitenge nyuma ya cherehani, na yule rafiki alimshonea kila sare ya shule bila mimi kuomba.

Mume wangu alikuwa fundi magari. Mwaka mmoja mama yake aliugua, akarudi Tanga kumuuguza. Mwezi wa kwanza alipiga simu kila siku. Mwezi wa pili kila wiki. Mwezi wa nne alipiga akaniambia kwamba ameoa.

Nilimwambia sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Nilikata simu nikaendelea kukunja nguo.

Watu walipouliza, nilisema bado anamuuguza mama yake, na mama mkwe wangu maskini nikamfanya aendelee kuugua miezi baada ya kupona. Mtu mmoja tu nilimwambia ukweli, yule rafiki yangu. Ilikuwa Jumapili, yeye anashona pindo la gauni. Aliposikia aliinua mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Hakunipa pole. Alikaa tu na mkono wake juu ya gurudumu la cherehani, kisha akasema, "Yaya, hii maneno itabakia hapa mu mashini."

Nilimwamini. Nililia pale kwa mara ya kwanza, nikafuta machozi kwa kipande cha bitana.

Hazikupita wiki sita nikaenda kwenye arusi ya Watanzania wenzetu. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, mchana, wanawake watupu. Mama mmoja wa Unguja, ambaye hata hatukuzoeana, alinishika mkono akauminya.

"Pole bibi," alisema. "Wanaume ndivyo walivyo. Na huyo mwenzio nasikia ni mtoto kabisa."

Niligeuza uso nikaona wengine wawili wakiinamisha macho. Walikuwa wanajua. Mkeka mzima ulikuwa unajua, na inawezekana ulijua tangu zamani, wakati mimi nikiwaelezea dawa za mama mkwe.

Nilimfikiria mtu mmoja tu. Nani mwingine nilimwambia?

Kutoka Fordsburg hadi Malvern, nimeshasema, ni teksi mbili. Ningeweza kwenda siku ile ile, na nguo zangu za arusi, nikamuuliza usoni. Hilo ndilo jambo ninalolirudia kichwani miaka yote hii. Sikuuliza. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba najua, na mtu anayejua haulizi.

*

Jumatatu nilisimama kwenye kaunta, nikachukua kipande cha boksi, nikaandika. Nilifuta, nikaandika tena. Jina la kanga lina kisanduku chake chini ya mji, yaani ile sehemu ya katikati, na herufi zikizidi fundi hulalamika. Kabla ya saa ya chakula nilikuwa nimelipata:

NILIKUPA SIRI USHONE UMEITANDAZA SOKONI.

Nasema kweli, niliona fahari. Lilikuwa na mizani, lilikuwa na makali, na halikumtaja mtu. Lakini sikutosheka. Nikamwomba fundi wa Jetpur achore cherehani katikati ya mji, ili asiwepo mjinga wa kushindwa kuelewa.

Baada ya siku mbili alinitumia mchoro. Ile cherehani ilikuwa nzuri ajabu. Alikuwa amechora hata uzi, ukitoka kwenye kibonge ukipita kwenye sindano na kuzunguka mpaka kwenye pindo. Chini yake sauti: "Ben, matlab?"

Nilishika simu muda. Dukani alikuwapo mteja anayechagua pazia. Nikabonyeza, nikasema kwamba maana yake ni hivi: Mungu atuunganishe sisi kwa sisi, kama uzi unavyounganisha kitambaa na kitambaa.

Alijibu papo hapo, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Saras, ben. Saras." Nzuri, dada. Nzuri.

Kanga zilikuja kwa meli hadi Durban, na kwa lori hadi kwetu. Nilizitundika mlangoni. Wanawake wa Kitanzania walisimama, wakasoma, wakatazama cherehani, wakanitazama mimi.

"Huyu fundi gani tena?" mmoja aliniuliza akitabasamu.

"Kanga haina anwani," nikamjibu.

Wakacheka, wakanunua. Kikundi kimoja kikaichagua kuwa sare ya arusi. Kabla mwezi haujaisha hapakuwa na mwanamke wa kwetu kuanzia Fordsburg hadi Malvern asiyejua kanga ile inamsema nani. Wengine waliona haya kupeleka vitambaa kwa fundi aliyesemwa hivyo, wakatafuta mafundi wengine.

Yeye alikuja dukani siku ya kazi, asubuhi. Nilimwona kwa nje kwanza, amesimama mbele ya doti iliyotundikwa, anasoma polepole, midomo inacheza. Kiswahili cha maandishi hakikuwa chepesi kwake. Shule alisoma kwa Kifaransa. Aliisoma mpaka mwisho, kisha akaingia.

"Yaya, ni weye njo uliandika hii?"

"Maneno ya kanga ni maneno ya kanga," nilisema. "Jiwe la gizani. Likimpata mtu, atalia mwenyewe."

"Mi nauliza tu. Ni mie njo unasema?"

Palikuwa na mteja wa Kimalawi amesimama na kitenge, nikamgeukia, nikaanza kumpimia. Nilipima kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba kitambaa kile ni cha dhahabu. Yeye alisubiri. Mteja alipoondoka, bado alikuwa pale. Alichukua doti moja kwenye meza, ya cherehani, akalipa, akaikunja mwenyewe, akaitia kwenye mfuko wake.

"Merci, Madame," alisema, kama anavyomshukuru mtu asiyemjua, akatoka.

Siku ile nilihisi nimeshinda. Nililala vizuri.

*

Binti yangu aliletwa hapa akiwa na miaka mitano, na wakati huo alikuwa na kumi na saba. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Adhuhuri moja, miezi kama saba baadaye, tulikuwa jikoni, yeye anaosha vyombo, mimi nachambua mchele, na nilikuwa namsema yule rafiki. Nilikuwa nimezoea kumsema. Nilisema mtu uliyekula naye chungu kimoja ndiye anayekuvua nguo hadharani.

"Lakini siye yeye, Mama," alisema kwa Kiingereza, bila kugeuka. "Ni Daddy mwenyewe."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Aliweka picha za arusi kwenye status yake. Siku nzima. Kila mtu mwenye namba yake aliziona. Hata shangazi wa Durban. Hata mwalimu wa madrasa."

"Mimi sikuziona."

"Alikuficha wewe. Wewe peke yako."

Mchele ulikuwa mapajani mwangu kwenye ungo. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kijiwe kidogo cheupe na sikujua nikiweke wapi.

"Mbona hukuniambia?"

Akafunga bomba. Aligeuka, mikono inachuruzika maji, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akasema kwa Kiswahili, kibovu kibovu. "Mimi nilifikiri Mama najua. Nilifikiri Mama hataki sisi naongea."

Mtu mwenye akili angevaa viatu. Mimi nilisema Jumapili nitakwenda. Jumapili ilipofika nilisema nywele sijasuka, ijayo. Jumapili iliyofuata mvua. Kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, maana sasa nilikuwa na makosa mawili ya kuomba radhi, lile la kwanza na lile la kukawia. Wakati huo huo Anko, ambaye hakujua lolote, alikuwa ameagiza ile kanga kwa mara ya pili, kwa sababu ilikwenda haraka kuliko zote.

Shehena hiyo ya pili ndiyo iliyonipeleka India. Rangi yake nyekundu ilikuwa inachuja. Anko alitaka mtu akazungumze na watu wa kiwanda ana kwa ana na akae pale mpaka aone doti zinafuliwa. Magoti yake yalikuwa yameharibika, daktari alimkataza safari. Watoto wake walikuwa mawakili na madaktari na hawakujua kutofautisha kitambaa cha pamba na cha nailoni.

"Nenda wewe," aliniambia. "Wewe yule fundi anakusikiliza."

*

Nilishuka kwenye ndege Rajkot, mji ulio karibu, nikachukuliwa na gari. Njia nzima ilikuwa mashamba ya pamba na karanga, nchi kavu, joto linalopiga usoni kama mvuke wa chungu. Nilijua tumekaribia Jetpur nilipoanza kuona nguo. Kwanza zilikuwa juu ya kamba, halafu juu ya paa, halafu viwanja vizima vimetandazwa vitambaa chini ya jua, vimeshikizwa na mawe. Mji wenyewe ulikuwa na kelele za pikipiki za magurudumu matatu zilizobeba marobota, na vioski vilivyofungua milango ya chuma, na harufu ya rangi, gundi na mvuke iliyoingia kooni na kukaa.

Kiwandani niliona meza ndefu kama varanda ya msikiti. Wanaume wawili wawili, miguu mitupu, walishika fremu, wakaibandika juu ya kitambaa, wakavuta rangi, wakainua, wakasogea hatua, wakabandika tena. Kila rangi na fremu yake. Mara ya mwisho ilipita nyeusi, na hapo ndipo maneno yalipotokea. Nilisimama nikiangalia Kiswahili kikizaliwa mikononi mwa watu waliokuwa wakizungumza mambo yao mengine kabisa.

Fundi mkuu alikuwa mfupi, mwenye mvi, mzee kuliko sauti yake. Kucha zake zilikuwa za buluu. Aliunganisha viganja akanisalimu, kisha akanipeleka nyuma, kwenye uwanja wa kuanikia. Maneno yangu yote yalikuwa pale. Ya mwaka ule, ya mwaka uliopita, yametandikwa juani safu kwa safu, na watoto wa bata wakipita katikati yake. Na cherehani pia, safu nne.

Suala la rangi tulilimaliza kwa siku mbili. Lilikuwa ni la maji na chumvi. Siku ya tatu, mchana, alinialika nyumbani kwake kula.

Nyumba ilikuwa vyumba vitatu vilivyopangana, mlangoni maua ya njano. Mke wake alitupa mikate ya uwele iliyopakwa samli, bilinganya za kuchoma, na mtindi wa kunywa. Tulikaa chini. Binti yao alikuwapo. Aliolewa miezi michache nyuma mji wa jirani, na alikuwa amekuja kuwatembelea wazazi. Alikuwa na umri kama wa binti yangu, au miaka mitatu minne zaidi, na alijua Kiingereza kutupita mimi na baba yake.

Tulipomaliza kula, baba akasema neno kwa Kigujarati, na mke wake akainuka akafungua kabati la chuma. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Akakifungua juu ya magoti ya binti. Ilikuwa kanga ya cherehani.

"Baba alinipa siku ya arusi," binti alinieleza. "Nilipotoka nyumba hii kwenda kwa mume wangu, walinifunika nayo juu ya sari. Watu wote waliuliza ni lugha gani. Baba akawaambia ni lugha ya Afrika, na ni dua. Kwamba Mungu atatuunganisha kama uzi na kitambaa."

Baba yake alikuwa anatabasamu, anatazama chini kwa haya. Aliniambia kwamba katika maneno yote aliyochapa maishani hilo ndilo analolipenda. Kisha akaniomba jambo. Hawajapata kulisikia likitamkwa na mwenyewe hapa nyumbani. Je, dada ningeweza kumsomea binti yake?

Niliwaza haraka. Nitasema dua yoyote, nani atajua? Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini yule binti aliweka kidole chake kwenye herufi ya kwanza. Alikuwa anataka kunifuata, neno kwa neno.

Basi nikasoma. "Nilikupa."

"Ni-li-ku-pa," akasema.

"Siri."

"Siri."

"Ushone."

Alitamka vizuri kabisa, kwa sauti laini, kidole kinasogea. Mama yake alikuwa amefumba macho. Tulipofika mwisho, aliinua uso.

"Sokoni," alirudia. "Hili ni zuri. Sokoni ni nini?"

Nikamwambia ni moyoni.

Akalirudia kwa wazazi wake, na tafsiri yake, na wote watatu wakatikisa vichwa kwa namna yao ile ya kukubali. Mama mtu akasogea, akapitisha mikono yake kandokando ya kichwa changu bila kunigusa, kisha akavibana vidole vyake kwenye pande mbili za paji la uso wake, vikalia. Binti alinieleza kuwa ameniondolea husuda. Nilishukuru. Niliomba nionyeshwe msalani, nikafungia mlango nikakaa humo mpaka nilipoweza kutoka.

*

Niliporudi Johannesburg nilimweleza Anko habari yote, toka arusi ya Watanzania mpaka kidole cha yule binti. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta. Aliuliza swali moja tu, kama kweli ile kanga ina ugomvi kiasi hicho. Nikasema ndiyo. Aliita mhudumu akaamuru zilizobaki ziteremshwe, na siku ile ile akatuma ujumbe kwamba mchoro wake ufutwe kwenye fremu, hautatumika tena.

"Na fundi?" nilimuuliza. "Nimwambie ukweli?"

"Msichana amefunikwa na dua ya baba yake," alisema. "Wewe uliandika ubaya, lakini yeye hakuvaa ulichoandika. Alivaa alichoambiwa. Ukimwambia leo, utajipunguzia wewe mzigo, umtwike nani?"

Nikatii. Mpaka leo sijui kama alinipa busara au alinipa kisingizio. Bado naandika majina, na yule fundi bado ananiuliza maana ya kila moja, nami humwambia ukweli mtupu, hata pale unapomfanya akatae. Amekataa mara mbili. Nilifurahi.

Malvern nilikwenda Jumapili iliyofuata baada ya kurudi, na nywele sikusuka. Kibanda kilikuwa pale pale, ila ndani kulikuwa na cherehani mbili na msichana wa Kizimbabwe akishona vifungo. Rafiki yangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, pini mdomoni, akipanga pindo. Aliniona kwenye kioo. Akamaliza pindo kwanza.

Nikamwambia yote mbele ya yule msichana, kwa sababu nilimvunjia heshima mbele za watu. Nilimwambia kwamba zilikuwa picha za mume wangu zilizoitoa siri ile, kwamba nilijua tangu zamani na sikuja, na kwamba naomba radhi.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto cha pini alichofunga mkononi.

"Mi nilishaka kukusamehe," alisema. "Ile siku nilinunua ile kanga, nilienda kuisoma kwa nyumba, nikalia, nikasamehe. Sikutaka ikae mu roho."

Nikasema ahsante. Nikamuuliza kazi inakwendaje. Akasema bamama ba kwetu, ndio wanawake wa Kitanzania, hawakurudi, lakini Mungu hakumwacha. Sasa anashona sare za makanisa, ya Wazimbabwe na ya Wazulu, na amejifunza Kizulu cha kutosha kupima mtu. Alikuwa anazungumza nami vizuri kabisa. Aliniuliza habari za binti yangu, akasema nimsalimie. Kwenye jiko la gesi pembeni kulikuwa na chungu kinachemka, na saa ya kula ilikuwa imefika. Nilikaa kidogo, sikukaribishwa. Halafu mteja mwingine akaingia na kitambaa, naye rafiki yangu akasimama, akachukua tepu yake.

"Haya, Madame," aliniambia, "ufike salama."

Nilitembea mtaa wa Jules mpaka kwenye robot ya pili, ndizo taa za barabarani, kabla sijasimamisha teksi.

Tunasalimiana tukikutana. Mwaka jana mwanawe wa kwanza alioa. Habari nilizipata dukani, kutoka kwa mteja aliyekuja kutafuta kitambaa cha sherehe hiyo, na akataka nimchagulie rangi. Nilimchagulia ya samawati iliyokoza, inayompendeza mama wa bwana arusi akisimama karibu nayo. Nikamkatia, nikamzidishia nusu mita.